Muguu Yangu Ndani ya Maji ya Watu

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa saba 2024

Muguu ya kushoto, juu kidogo ya kifundo. Kalengelenge. Asubuhi kalikuwa sawa punje ya muhindi, saa hii kamefika sawa kifuniko cha chupa. Inawaka! Muke wangu Christine anasema nimekanyaga majani mubaya kule nyuma ya choo. Nimeitika. Ni rahisi kuitika.

Daftari hii nilinunua juu ya kupanga barua za kuomba kazi. Miezi mbili tangu nirudi hapa Bukavu kutoka Tchad, na sijaandika hata barua moja. Miaka kumi na moja ya kutoboa visima — Uvira, Kalemie, kisha Tchad — na leo Ignace Cirhuza, foreur, anakaa kwenye kiti cha plastiki kuangalia muguu yake.

Robinet ya avenue: juma ya sita bila tone ya maji. Ziwa iko pale chini, kubwa, ya buluu, tunaiangalia tu. Avenue yote inachota kwa Maman Rosalie, jirani wetu wa juu. Iko na citerne, tangi ya siménti, wazi, kubwa sawa chumba. Mume wake aliijenga mbele ya kufa. Ni maji ya mvua ya mwezi wa ine na wa tano, na imeanza kuwa ya kijani. Nyumba makumi tatu zinakunywa pale. Hakatalii mutu.

Alhamisi, tarehe 4

Najua ni nini. Nilijua tangu Jumanne, nisidanganye daftari yangu mwenyewe.

Kule Tchad, tukifika mu kijiji, mbele ya kushusha mashini, mimi njo nilitundika zile picha ku muti. Picha ya mutu. Picha ya muguu. Picha ya munyoo mweupe, mwembamba, mrefu sawa mukono, unatoka ku kidonda. Ver de Guinée. Nilikuwa nasema, na mutafsiri anarudilia kwa kiarabu: usikunywe maji ya dimbwi bila kuichuja na kitambaa. Mwenye kidonda asiingize muguu mu maji ya watu, hata iwake namna gani. Watoto walikuwa wanacheka picha. Mimi pia nilicheka.

Tuligawa filtre ndogo, kabomba ka kunyonyea maji, ka kuvaa shingoni. Yangu ilibaki mu gari. Mwezi wa nane mwaka jana mashini ilikufa mu pori, gari ikaenda kutafuta pièce ya mashini, tukakaa siku tatu. Siku ya pili nilipiga magoti ku dimbwi, nikakunywa sawa ng'ombe. Ilikuwa tamu! Bado nakumbuka ile utamu.

Munyoo unachukua karibu mwaka moja kabla ya kutoka. Umefika saa yake.

Nimewapa watu maji safi mu vijiji mia moja na kitu. Aksanti yao njo hii.

Jumapili, tarehe 7

Wote walikuwa ku misa. Christine, mutoto wetu Merveille, Maman Rosalie na kitambaa chake cha Legio ya Maria, avenue yote. Mimi nilibaki. Sikulala siku mbili. Si maumivu ya kidonda, ni moto — mutu ameweka kaa la moto chini ya ngozi na anapuliza.

Nilishika bidon zetu za maji. Zote tupu. Nikapanda kwa Maman Rosalie na fimbo, pole pole, nichote kidogo nimwangie muguu. Nikafika. Nikakaa ku ukingo. Maji ilikuwa karibu, imetulia.

Sikufikiri.

Hapana. Hii daftari haina musomaji, basi niandike vizuri: nilifikiri. Niliziona zile picha zote ku muti. Na niliingiza muguu hata hivyo. Mpaka ku goti.

Ile baridi, ee Mungu wangu! Nililia sawa mutoto. Sijui nilikaa pale dakika ngapi. Kisha kalengelenge kakapasuka, na nikaona kitu cheupe kinatoka, kinatawanyika, sawa maji ya kuosha muchele. Nilijua ni nini. Ni watoto wake. Elfu na elfu. Nikatoa muguu, nikaanza kuchota na mikono na kumwanga inje. Mujinga! Ilikwisha kuchanganyika na yote.

Ku kidonda kamebaki kauzi keupe kanachungulia.

Niliwasikia wanarudi wanaimba. Maman Rosalie alinikuta ku njia, akaniuliza: Papa Merveille, umepata nafuu? Nikamwambia: ndiyo, Maman, kidogo. Na ilikuwa kweli. Ile njo inaniuma zaidi.

Hesabu niliyokuwa nafundisha: watoto wa munyoo wanaliwa na tududu tudogo twa maji. Wanakomaa ndani ya tule tududu siku kumi na ine. Mbele ya pale, maji haina hatari. Kisha, mutu akimeza kadudu, mwaka kesho munyoo unatoka ku muguu yake.

Leo ni tarehe 7. Basi tarehe 21.

Jumatatu, tarehe 8

Merveille alichota kikombe ku bidon, akakileta ku mudomo. Nilikipiga. Kikaruka mpaka ku ukuta. Siku kumi na ine haijafika, ninajua! Lakini mukono ilienda yenyewe.

Iko na miaka kumi na moja, na hajawahi kuona namupiga. Analia mu chumba. Nilisema nzi ilikuwa imeanguka ndani. Christine aliniangalia, akaokota kikombe.

Jumanne, tarehe 9

Kwa Mardochée, infirmier wa poste de santé, kazahanati ketu. Kijana muzuri, anacheka na kila mutu. Nilimwonyesha. Nikamwambia jina ya ugonjwa.

Alicheka. Papa Merveille, ile maladie ilikwisha mu Congo. Tuko na certificat! Nikamuuliza: basi hii ni nini? Akasema: mushipa. Akashika pince, kakoleo kake, akataka kuuvuta. Nilipiga kelele mpaka wamaman wenye watoto mugongoni wakakimbia inje. Ukiuvuta, unakatika, na ile nusu ya ndani inaoza, na muguu pamoja nayo. Mimi foreur njo nilimufundisha infirmier: unaufunga ku kijiti, unazungusha kidogo, unaacha, kesho tena.

Tuliufunga ku njiti ya kiberiti. Santimètre ine. Mardochée hakucheka tena. Jasho ku pua. Akasema ni lazima atoe rapport ku wakubwa.

Hakuniuliza kama niligusa maji. Nami sikumwambia. Tulikuwa wawili, mulango imefungwa, na sikumwambia.

Ijumaa, tarehe 12

Santimètre kumi na mbili.

Wakubwa walimutuma daktari. Docteur Ulrich, viatu safi, sauti ya pole. Christine alipangusa kiti mara mbili. Docteur alipiga muguu picha, akapiga tena, akaweka kipande cha munyoo kilichokauka ndani ya kachupa. Akasema wataipeleka mbali, watatazama. Inaweza kuwa kitu kingine, akasema. Alikuwa anaomba iwe kitu kingine.

Kisha maswali. Muliipata inje ya nchi, n'est-ce pas? Ndiyo, Docteur. Aliandika haraka, na furaha.

Na tangu kidonda ifunguke, hamukuingiza muguu mu maji ya watu? Hakuniangalia. Bic yake ilikuwa imekwisha kufika pale penye kuandikwa "hapana".

Christine alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya kalanga.

Nilisema: hapana.

Très bien, Papa. Très, très bien.

Nikaona mabega yake yanashuka. Yangu pia. Watu wawili wazima mu nyumba moja, kila mutu anashukuru uongo wa mwenzake. Akakula kalanga tatu, akaenda. Mukae tu nyumbani, akasema. Tutarudi.

Hawatarudi. Nimefanya kazi na maofisi miaka kumi na moja. Najua ile "tutarudi".

Jumapili, tarehe 14

Nusu ya zile siku kumi na ine imekwisha.

Wakiwa ku misa, nilipanda tena kwa Maman Rosalie — na glasi, si na muguu! Nikachota, nikaiinua mbele ya jua. Tumo ndani. Tududu twenyewe, tudogo sawa ncha ya sindano, tunaruka, tunasimama, tunaruka. Nilikuwa na tumaini kidogo kwamba citerne ya Bukavu haina. Iko nato. Makumi mu glasi moja.

Maman Rosalie akarudi. Nilimwambia: Maman, ingekuwa vizuri watu wachuje hii maji, na kitambaa kizito, kilichokunjwa. Akaniuliza: juu ya nini? Nikasema: juu ya uchafu. Akacheka. Uchafu gani? Mvua ya Mungu imepita ku bati yangu, na bati ninaifagia mwenyewe! Watoto wangu saba walikunywa hii maji, wote wameoa na kuolewa. Weye ulikaa sana na wazungu, Papa Merveille.

Ningemwambia pale. Mudomo ilifunguka. Kisha Papa Delphin, chef wa avenue, akaingia na bidon zake ine, na mudomo ikafungika.

Magaribi Maman Rosalie alimutuma mutu na sahani: tusamaki twa sambaza na supu, na bugali ya moto. Juu ya mugonjwa. Supu ya ile maji. Niliikula yote.

Jumatano, tarehe 17

Santimètre makumi tatu na moja. Munyoo unatoka pole, haujali kitu.

Nimemwambia Christine. Alikuwa anachambua maharagi. Nilisema yote: dimbwi, Jumapili, ukingo, muguu mpaka ku goti, tarehe 21. Aliendelea kuchambua. Jiwe huku, haragi huku. Nilipomaliza akaniuliza neno moja tu: Merveille?

Nikamwambia: bado. Siku ine tena maji haina hatari. Na kisha, mwenye kuchuja vizuri hapati kitu. Kitambaa tu! Haiombi dawa, haiombi daktari.

Akaamka. Akafungua sanduku, akatoa kitenge ya ndoa yetu, ile nzito ya maua mekundu, akaikata. Sauti ya makasi — sijasikia kitu kibaya hivi. Akakunja kipande mara ine, akakifunga ku mudomo wa bidon na elastique.

Nikasema: tuwapikie wengine pia. Nilitaka kusema "tuwakatie".

Akanijibu polepole. Weye ukisema, watatufukuza hapa. Hii nyumba ni ya kupanga. Merveille iko na masomo. Muke ya mwenye munyoo, mutoto ya mwenye munyoo, njo majina yenye tutabeba mpaka kufa. Sisi tutachuja. Unyamaze.

Nikasema: na wao? Watu wa nyumba makumi tatu, Christine?

Akasema: uliwafikiri wapi siku ile?

Nimenyamaza. Na niandike hii pia: niliponyamaza nilipata usingizi, mara ya kwanza tangu juma mbili.

Alhamisi, tarehe 18

Tunachuja. Mulango imefungwa. Sawa wezi.

Ijumaa, tarehe 19

Maman Rosalie alikuja kunitembelea, na kiti chake kidogo, juu ya muguu zake na zenyewe zinauma. Aliomba maji. Christine akainamisha bidon, ile yenye kitambaa. Maman Rosalie akaangalia maua mekundu. Anaijua ile kitenge, alikuja ku ndoa yetu. Akauliza: mumeanza lini kuchuja maji yangu?

Si kwa hasira. Lakini alisema "maji yangu". Miaka yote hakulisema hilo neno.

Christine alibaki na kikombe mu mukono. Aliniangalia mimi. Nilidhani anasema "nyamaza". Lakini macho yake ilikuwa imejaa, na nikaona hawezi tena. Basi nilisema. Yote. Nilianza na Tchad, nikamalizia na kile kitu cheupe mu maji.

Maman Rosalie akapokea kikombe ku mukono wa Christine. Akaweka kikombe chini. Akauliza: ni Jumapili ile tulirudi tunaimba, siku nilikukuta ku njia? Ndiyo, Maman. Siku uliniambia umepata nafuu? Ndiyo.

Akatikisa kichwa. Akasema: nyumba yangu haikufungwa. Beseni ilikuwa nyuma ya mulango, kila mutu anaijua. Ungechota maji ndani ya beseni, ungeingiza muguu mpaka kesho, ungeimwanga mu vumbi. Ni beseni tu, Papa Merveille. Ulikosa beseni?

Nilipita mbele ya ule mulango na muguu inawaka, hatua kumi, na sikufikiri beseni.

Akabeba kiti chake. Akasema: kesho utawaambia wote, kwangu, saa kumi. Utasema weye mwenyewe. Sitakusaidia.

Jumamosi, tarehe 20

Santimètre makumi ine na saba.

Watu hamsini, labda zaidi. Mardochée pia alikuja, akasimama nyuma kabisa. Nilisimama na fimbo. Niliwaonyesha muguu, njiti, munyoo. Wamaman walifunika macho ya watoto. Nilisema lile la Jumapili. Kisha nikaongeza haraka, sababu niliona nyuso: mpaka leo hakuna mutu ameambukizwa! Kuanzia kesho njo hatari. Mukichuja, mukichuja tu na kitambaa kizito mara ine, hakuna atakayeugua. Au muchemshe. Christine aliinua kitambaa chetu.

Mutu akauliza: tusipochuja vizuri? Nikasema kweli: mwaka kesho.

Pale njo ilianza. Papa Delphin alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Weye ulitembea Afrika yote kufundisha watu maji, na unakuja kunawia muguu mu mudomo wa watoto wetu? Mwingine: amelipwa! Mwingine: amerogwa kule kwa waarabu. Maman mumoja alinitemea mate ku shati. Mwingine akamuuliza Mardochée kama ni kweli. Mardochée akaangalia chini, akasema anangojea jibu la wakubwa. Nilimwangalia. Hakuinua macho.

Papa Delphin akasema: kesho kisha misa tunafungua bomba ya chini, citerne inamwangika yote. Tunaisugua. Maji ya mutu huyu hatuikunywi.

Nikapiga kelele: musiimwange! Ikibaki pale na kuchujwa, ni salama! Mukiimwanga itashuka mu mufereji, itaingia mu mashimo ya chini, kule watu hawajasikia kitu! Wakanijibu ninyamaze, nimekwisha kusema vya kutosha.

Maman Rosalie alikaa ku ngazi yake. Alitimiza neno lake, hakunisaidia.

Jioni Merveille hakula pamoja na mimi.

Jumapili, tarehe 21

Niko naandika ku mulango, daftari ku goti. Saa sita na nusu. Misa imekwisha.

Wako pale juu. Nasikia nyundo. Bomba imeshika kutu, Papa Delphin anaipiga. Nilipanda asubuhi kuwaomba tena, wakanirudisha, si kwa nguvu, walinishika tu mabega na kunigeuza sawa muzee mwenye kupotea. Nilimwomba Mardochée apigie Docteur Ulrich. Alipiga. Haipokelewi. Ni Jumapili.

Imefunguka. Nimesikia kelele, sawa watu wanashangilia bao.

Inashuka. Inapita mu mufereji mbele ya nyumba yetu, kijani, na majani, na povu. Nyingi! Sikufikiri bado iko nyingi hivi. Inashuka haraka kuelekea avenue ya chini.

Mutu wa chini ameona. Amepiga kelele: maji! Maji! Wanatoka. Juma nane bila robinet, wanatoka mu kila nyumba, na sufuria, na bidon zilizokatwa, maman mumoja na poti ya mutoto. Wanakanyagana. Wengine wanapiga magoti na kukunywa na mikono palepale. Wanacheka! Wanadhani ni baraka, wanadhani kuna bomba kubwa imepasuka mahali.

Nimelia: muchuje! Muchuje! Mutu mumoja amenipungia mukono kunisalimia.

Papa Delphin ameshuka, amesimama na nyundo, anawaangalia. Amenigeukia. Nimeona hakuna hasira tena ku uso wake, kuna kitu kingine. Ameniuliza, pole: Papa Merveille, tufanye nini? Nimemwambia: vitambaa. Amekimbia.

Lakini na watu wetu wa huku juu wameanza. Waliokuwa wanashangilia! Wameona maji inaisha, na kesho hakuna ingine. Mumoja ameshuka na bidon. Wawili. Watano. Nimesikia mulango yetu ya nyuma. Christine. Iko na bidon ya njano, kitenge haiko ku mudomo yake. Nimemwita. Amesema bila kugeuka: tutachuja kisha, Ignace, acha kwanza tuchote.

Merveille iko naye, na kikombe, iko najaza bidon. Jua kali. Anatoka jasho. Nimemwita kwa jina lake, mara mbili. Ameinua kichwa, ameniona vizuri, sisi wawili tumeangaliana juu ya ule mufereji. Kisha ameinama, amechota tena, na hii maji ameileta ku mudomo.